Mlenda Uliotulea: Historia ya Mboga za Porini Hapa Ugogo

Katika kurasa zilizotangulia wenzetu wamekwisha kueleza jinsi kikundi chetu kilivyoundwa mwaka 2015, nani alishika ufunguo gani wa sanduku, na thamani ya hisa ilivyopanda mpaka leo tunatimiza miaka kumi. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika upande wa historia tumeamua kuandika juu ya mboga. Wapo waliocheka pale kikaoni. Mmoja akauliza, "Hivi mboga nazo zina historia?" Zinayo, tena ndefu kuliko ya kikundi hiki, na kwa maoni yetu bila hiyo baadhi yetu tusingezaliwa.

Hebu tuanze na mvua. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na yote huja katika msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na vumbi mpaka Novemba. Mtama na uwele ukishavunwa unakaa ghalani, lakini mboga mbichi haikai. Kwa hiyo mwanamke wa huku tangu zamani hakujiuliza tu leo wanangu watatowelea nini. Alijiuliza Septemba watatowelea nini, na alijiuliza hivyo mwezi wa pili, wakati nchi bado ni kijani kila upande.

Jibu lake lilikuwa mlenda. Kwa Kigogo tunaita ilende. Watu waliokuja mjini siku hizi hudhani mlenda ni mmea mmoja, kumbe ni jina la mapishi na utelezi kuliko jina la jani. Upo ule wenye vitumba virefu vyembamba, upo ule wa jamaa ya ufuta wenye maua ya zambarau hafifu, na ipo mingine ambayo bibi zetu huitenganisha kwa kuishika tu mkononi. Yote huota yenyewe: kwenye shamba lililopaliliwa, kando ya njia, kwenye mahame. Huchumwa mvua zikiwa zimekolea, huanikwa, hutwangwa kwenye kinu, kisha unga wake hutiwa ndani ya kibuyu au chungu na kufunikwa vizuri. Ukitaka kupika unachemsha maji, unatia magadi kidogo, unamimina unga wako huku unakoroga, na kama nyumba ina karanga unaongeza. Dakika chache tu ugali umepata mwenzake. Kuni zenyewe ni kidogo, jambo ambalo mama yeyote anayetoka na shoka alfajiri analielewa bila kuelezwa.

Zamani mlenda ulianikwa juu ya paa la tembe. Wasomaji wetu vijana wengi hawajalala ndani ya tembe, basi tueleze: ni nyumba ya miti na udongo yenye paa la udongo lililo bapa. Paa lile lilikuwa ghorofa ya kazi. Majani yalitandazwa kule juu, mbuzi hawafiki, kuku wakifukuzwa wanaondoka, na jioni unakusanya. Tunataja paa hili kwa sababu litarudi baadaye.

Pamoja na mlenda kulikuwa na mgagani, wenye harufu kali na uchungu kidogo, ambao hupenda kuota palipokuwa na zizi kwa sababu ya mbolea. Ulichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, ukaungwa kwa maziwa au karanga. Kulikuwa na mchunga, unaotoa utomvu mweupe ukiukata, mchungu kwelikweli. Wazee wanaupenda na watoto wanaukimbia. Kulikuwa na mchicha pori na mnavu. Majani machanga ya mbuyu yaliliwa mabichi na mengine yakakaushwa yakawa mboga ya kiangazi, ubuyu ukatiwa kwenye uji, na ukwaju nao vilevile. Watoto wa kuchunga walijilisha wenyewe kwa kunazi na furu.

Sasa hayo yote yalijulikanaje? Hakuna aliyeandikiwa. Msichana alikwenda na mama yake au bibi yake, akachuma, akakosolewa, akachuma tena. Akiolewa katika kijiji kingine, jambo la kwanza alilofundishwa na mama mkwe lilikuwa njia: wapi kisima, wapi kuni, wapi mboga. Huo ndio ulikuwa upatu wa kwanza wa akina mama wa huku, maana kila mmoja alitia alichokijua na kila mmoja alichukua.

Akiba hiyo ilipimwa vibaya sana katika njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika huku kwetu. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Walipoondoka mwaka 1916, Waingereza wakachukua nao. Kisha mvua ikakosa, na homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu tayari wamedhoofika. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika watu kiasi cha 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa. Maana yake ni kama mtu mmoja katika kila watano. Mathias Mnyampala, mwandishi na mshairi mkubwa aliyetokea Dodoma, alizaliwa mwaka huohuo wa 1917, na baadaye, mwaka 1954, alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Tunapomsoma tukumbuke kwamba kulikuwa na mama aliyemnyonyesha wakati ule.

Bibi mmoja miongoni mwa walimu wetu, ambaye sasa amevuka miaka 80, alisimuliwa habari za Mtunya na mama yake mzazi. Alichotuambia si kile tulichokitazamia. Tulidhani atasema mboga za porini ziliwaokoa watu. Akasema, "Wajukuu zangu, msidanganyane. Mlenda haushibishi. Mlenda unasukuma ugali, na ugali haukuwepo." Akaendelea kusema kwamba mvua ikikosa, mlenda nao haupo, yale majani yanayoota yenyewe yanahitaji mvua kama mtama unavyoihitaji. Kilichosaidia ni kile kilichokaushwa mwaka uliotangulia, pamoja na miti yenye mizizi mirefu kama mbuyu na mkwaju, ambayo haitegemei mvua ya mwaka mmoja. Na kilichosaidia zaidi ni miguu, yaani kwenda kuhemea kwa watu wengine. Tumeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa siku hizi mboga hizi zinasifiwa mno, eti dawa ya kila kitu, na wanaosifu mara nyingi ni watu wasiopata kulala na njaa.

Kutoka Mtunya tunaruka mpaka mwaka 1947, tuingie Kongwa, maana huko nako kuna jambo letu. Serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ikapanga kulima karanga Afrika Mashariki na Kati, ekari zaidi ya milioni 3 katika mpango wa awali, sehemu kubwa ndani ya Tanganyika. Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Vilikuja vijiko, matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ili kung'oa pori. Mibuyu iliwatoa jasho, nyuki waliwashambulia wafanyakazi, ardhi mvua ikikatika ikawa ngumu kama tofali, na mvua yenyewe haikuwa ile waliyoihesabu ofisini London. Januari 1951 mpango ulifutwa na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara.

Kisa hicho husimuliwa sana kama kichekesho cha wazungu na karanga zao. Sisi tunakitazama kwa jicho jingine. Katika hesabu zote za mradi ule, pori lile liliandikwa kuwa ni kichaka tu, kazi ya kufyeka, gharama kwa ekari. Hakuna aliyeandika kwamba lilikuwa na mboga, matunda, asali, dawa na kuni za watu fulani. Hasara ya pauni ilijadiliwa bungeni kwao. Hasara ya mwanamke aliyekuta mbuyu wake umelazwa chini haikujadiliwa popote. Wala hatusemi haya kwa chuki; tunasema kwa sababu, kama mtakavyoona mbele, tabia ya kuita pori "tupu" haikuondoka na wakoloni.

Baadaye vikaja vijiji. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini nchini wawe wanaishi katika vijiji. Tuwe wakweli: vijiji vilituletea shule, zahanati na mabomba, na baadhi yetu tunajua kuandika haya kwa ajili ya vijiji. Lakini kwa upande wa mboga mambo yalikuwa hivi. Familia nyingi zikikaa mahali pamoja, mlenda wa karibu huisha mwezi wa kwanza, na wa mbali unataka nusu siku. Mahame yenye mgagani yakabaki nyuma. Na lile paa la tembe likaanza kuondoka, maana nyumba bora ilikuwa ya bati, na bati lina mteremko. Pa kuanikia pakawa chini, kwenye vumbi, pamoja na mbuzi na kuku. Mambo madogo, lakini kazi ya mwanamke huongezeka kwa mambo madogo namna hiyo.

Mwaka 1974 ukame ulikuwa mkali, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Wengi wetu tunaukumbuka, au tulisimuliwa, unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliupa jina la yanga kwa sababu ya rangi ya ile timu ya mpira. Mama zetu walisonga yanga wakatowelea mlenda. Ndiyo yaliyokuwa mapishi ya miaka ile.

Basi ikawaje mlenda ukawa aibu? Hakuna siku moja tunayoweza kuitaja. Mboga iliyokuokoa wakati wa shida hubaki na harufu ya shida. Mtoto akipata kazi mjini anataka kabichi, chainizi na spinachi. Mboga ya kununua ndiyo mboga ya mtu mwenye fedha. Kwenye harusi na vikao vya heshima hakuna aliyethubutu kuupakua. Binti akisoma hakuonyeshwa mgagani shuleni, na akirudi nyumbani alikuwa na kazi za shule. Ajabu ni kwamba wataalamu walikuwa wanakuja upande huo tulioukimbia. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha kazi yake juu ya Lushoto, ikionyesha uzito wa majani ya porini katika chakula cha Wasambaa. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilifungua ofisi yake ya Afrika huko Tengeru, Arusha, na humo mgagani na mnavu zinatunzwa mbegu kama mali. Mwaka 2002 kikatoka kitabu kinene juu ya mimea ya porini inayoliwa Tanzania, kilichoandikwa na Ruffo, Birnie na Tengnäs. Na mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao kama chakula kipya. Kipya! Mwe, tulicheka sana tuliposikia.

Sisi wenyewe tulirudi kwenye mboga hizi kwa sababu ya fedha, tusifichane. Mwanzoni mwa 2017 bei ya mahindi ilipanda nchini, na kikundi kilikuwa bado kichanga. Kila Alhamisi wanachama wengine walikuja na hisa moja badala ya tatu, wengine hawakuja kabisa. Tulipokaa kuulizana kila nyumba inatumia nini kwa siku, mboga ikaonekana inakula sehemu kubwa kuliko tulivyodhani: fungu asubuhi, fungu jioni, nyanya, mafuta. Ndipo mama mmoja akasema, "Mbona nyuma ya kilima mchunga umejaa na hakuna anayeuchuma?" Watu wakatazamana. Waliokuwa wanaujua vizuri hawakufika watano.

Tukawaomba bibi wawili watufundishe. Tulikwenda kwao kwa adabu, na sukari na majani ya chai, tukaamkia mbukwenyi, tukaeleza shida. Walikubali kwa sharti moja: hakuna kuchuma siku ya kwanza. Kutazama tu.

Siku hiyo walituwekea majani matatu chini ya mti wakatuuliza lipi ni mboga. Mawili yalikuwa ya kula, la tatu lilikuwa mnanaha. Mnanaha ni sumu, majani na mbegu. Humfanya mtu akauke mdomo, apayuke, aone vitu visivyokuwepo, na huweza kuua. Nao huota palepale unapoota mchicha pori, kwenye jalala na kwenye mazizi ya zamani, na ukiwa mchanga mtu mwenye haraka anaweza kuuchuma pamoja. Bibi akatufundisha kuuponda mkononi na kuunusa, na kutazama maua yake meupe ya tarumbeta na tunda lake la miiba. Kanuni yake ikawa kanuni yetu: jani usilolijua kwa jina, kwa harufu na kwa mahali linapoota, liache. Si kuonja. Kuonja ni kwa anayejua tayari. Kwenye mnavu akatuonya juu ya matunda mabichi, na akasisitiza majani yachemshwe na maji ya kwanza yamwagwe.

Alitufundisha pia namna ya kuchuma. Unavunja ncha, huung'oi mmea. Unaacha mmoja katika kila kundi uzae mbegu. Huchumi kando ya barabara kuu kwa sababu ya vumbi na moshi wa magari, wala kwenye shamba lililopigwa dawa. Na kwenye kuanika tuliongeza letu, tulilopata kwa bwana shamba: kwenye kivuli chenye upepo, siyo jua kali, kwani jua huua vitamini A. Bibi alisikiliza akasema paa la tembe lilikuwa juani na watoto walikua. Tukaliacha hapo. Leo kila mtu anaanika anavyoona, ila wenye watoto wadogo wengi wanatumia kivuli.

Msimu ule tulikausha mlenda na mgagani wa kutosha nyumba zetu, na uliozidi tukauza kwa sado sokoni Majengo. Fedha haikuwa nyingi lakini ilirudisha hisa. Tangu hapo mfuko wa mboga ni daftari la peke yake katika sanduku, na mweka hazina wetu hulisoma kila mwisho wa mwezi kwa sauti kama mengine.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza kichwa. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kweli, jambo lililoamuliwa tangu 1973, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa Jiji. Tumefaidika, biashara zetu zimepata wateja, na mlenda mkavu wananunua hata wafanyakazi wa wizara. Lakini pori letu la nyuma ya kilima limepimwa viwanja. Mawe ya mipaka yamekwishawekwa, na katijapila limeanza upande wa mashariki. Kwenye ramani tuliyoonyeshwa limeandikwa kuwa eneo halina kitu. Mibuyu miwili imebaki, na mmoja uko ndani ya kiwanja cha mtu ambaye hatujamwona.

Kikundi kimegawanyika katika hili, na tunaona ni haki kuliandika humu. Wapo wanaosema tununue robo ekari kutokana na faida ya mwaka huu, tupande mgagani na mlenda kwa mbegu, mambo yaishe. Wapo wanaosema mboga ya kupanda inataka maji, maji ni bili, na hapo tutakuwa wauza mchicha kama wengine. Bibi mkubwa alipoulizwa alisema jamii moja ya mlenda anayoijua yeye imekataa kuota bustanini mara mbili, nyingine ikakubali. Yule bibi wa pili hayupo tena. Alitutoka mwaka juzi, na majani aliyoyajua yeye peke yake kando ya korongo la kusini hakuna kati yetu anayeweza kuyataja yote. Tumeandika kumi na mawili katika daftari. Yeye alikuwa anahesabu zaidi ya ishirini.

Kura itapigwa kwenye mkutano wa kugawana, Jumamosi ya pili baada ya sherehe hii. Kabla ya hapo, mvua ikinyesha mapema, kutakuwa na safari mbili za korongoni na bibi mkubwa, akiwa na nguvu. Wanachama wenye mabinti wa kuanzia miaka tisa waje nao. Kila mmoja alete kikapu, mfuko wa plastiki hauruhusiwi tangu Juni 2019 na mboga ndani yake hunyong'onyea. Daftari na kalamu vitatolewa na katibu, na anayejua kuchora majani ajitokeze, tunamhitaji sana.